Ruzuku ya Biogesi: Fahamu Pesa Inapita Wapi Kabla ya Kuchimba Shimo

Vijana wenzangu, swali linalonijia sana siku hizi ni hili: "Afisa, serikali inatoa pesa za biogesi, nachukuaje?" Jibu fupi: huchukui. Ruzuku nyingi za nishati hazitolewi taslimu kwa mkulima. Hulipwa kwa fundi au msambazaji, mara nyingi baada ya mtambo kukaguliwa na kuonekana unafanya kazi. Wewe unachoona ni bei kupungua.

Hapa kwetu Tanzania mlango mkubwa ni Wakala wa Nishati Vijijini, REA, uliotokana na Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005. Mfuko wake unachangiwa na bajeti ya serikali, tozo za umeme na mafuta, pamoja na wahisani. Kwa biogesi hasa, kazi kubwa ilifanywa na CAMARTEC ya Arusha kupitia mpango wa kitaifa ulioanza 2009 kwa msaada wa Uholanzi. Mpango ule ulilipia sehemu tu ya gharama. Nyingine alibeba mfugaji mwenyewe. Wahisani wakipunguza mkono, ruzuku nayo hupungua. Kwa hiyo usikope leo kwa kutegemea ruzuku uliyoisikia kijiweni. Uliza kwanza ofisi ya nishati au mifugo ya halmashauri kama dirisha liko wazi mwaka huu wa fedha. Na mtu akikudai "hela ya fomu" kwenye simu, huyo ni dalali, achana naye.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo wengi huanguka. Mtambo wa mita za ujazo 6 unakula kilo 40 hadi 50 za kinyesi kibichi kila siku, na maji kiasi hicho hicho. Ng'ombe wa ndani anatoa kama kilo 15 hadi 20. Kwa hiyo unahitaji ng'ombe watatu waliofungwa bandani. Wanaochungwa wanaacha samadi porini, hao usiwahesabu. Ukilisha vizuri unapata gesi ya kupikia kama saa tatu au nne kwa jiko moja. Kujaza mara ya kwanza kunataka zaidi ya tani mbili za samadi, kwa hiyo anza kukusanya mapema.

Maji ni kikwazo kuliko pesa. Kama mnachota ndoo kilomita mbili, mtambo utakauka, ruzuku iwepo isiwepo.

Kwa mkulima wa biashara, mimi naona faida kubwa si jiko, ni tope linalotoka upande wa pili. Nitrojeni iliyoingia na samadi inabaki humo karibu yote, na sehemu yake imeshageuka kuwa hali ambayo mmea unaichukua haraka. Liweke kwenye mboga au migomba, lifukie kidogo, usiliache juani kwani nitrojeni inaruka hewani. Hapo unapunguza mifuko ya urea ya kununua, na hiyo ndiyo hesabu ya kumpelekea afisa mikopo wa benki au SACCOS. Gesi ya kupikia haimwonyeshi marejesho. Mbolea na maziwa yanamwonyesha.

Kabla ya kusaini na fundi, dai mkataba wenye muda wa dhamana, na umalizie malipo ukishaona moto unawaka.