Kassahun Aliyezunguka Dunia Akiitafuta Berbere

Wajukuu zangu wa Chiwanda, leo siwasimulii habari za sungura wala fisi. Nawasimulia habari za mtu aliye hai, na kazi yake ni kupika.

Alizaliwa Ethiopia, nchi ambayo watu wa Ruvuma tuna deni nayo, maana kahawa ya arabika inayowalipia ndugu zenu ada kule Mbinga, kwenye milima ya Wamatengo, asili yake ni misitu ya huko. Mtoto aliitwa Kassahun Tsegie. Alizaliwa kijijini mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa watu wa jembe. Kabla hajajua hata kuhesabu vidole vyake, kifua kikuu kikaingia nyumbani. Kikamshika mama yake, Ahnu. Kikamshika dada yake, Fantaye. Kikamshika na yeye mwenyewe.

Tiba ilikuwa Addis Ababa, na usafiri haukuwapo. Mama, naye mgonjwa, akawachukua wanawe wawili wakaenda kwa miguu zaidi ya kilomita 100. Pigeni hesabu: ni kama kutoka Mbinga mpaka Songea, juani, na kifua kinabana. Wakafika hospitali. Watoto wakapona. Mama akafariki.

Kassahun hana hata picha moja ya mama yake. Amelisema hilo mwenyewe, na ameliandika. Anachokijua ni alichokipikia mama: berbere. Huo ni unga mwekundu wa viungo ambao hakuna nyumba ya Ethiopia inayoukosa, kama isivyokosekana chumvi. Ndani yake mna pilipili kavu zilizosagwa, tangawizi, kitunguu saumu, iliki, uwatu, giligilani, na vingine ambavyo kila mama huvipima kwa mkono wake. Unga huo hutiwa kwenye mchuzi wa kuku au wa dengu, kisha mchuzi humwagwa juu ya injera, mkate mpana, laini, mchachu kidogo, wa nafaka ndogo sana iitwayo tefu. Wote hula sinia moja, kwa mkono. Ishikeni hiyo berbere, maana huyu mtu atazunguka nusu ya dunia kabla hajaifikia tena.

Mwanamume na mke wake kutoka Göteborg, mji wa bandari huko Uswidi, waliwaasili watoto hao wawili. Baba, Lennart Samuelsson, alikuwa mtaalamu wa miamba. Mama aliitwa Anne Marie. Fantaye akawa Linda, na Kassahun akawa Marcus, na kwa jina hilo, Marcus Samuelsson, dunia inamjua.

Huko Uswidi alimkuta bibi. Wajukuu, hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu vyuo na nishani vyote vitakavyofuata vinasimama juu ya huyu bibi. Jina lake Helga. Ujana wake aliutumia kama mtumishi katika nyumba za matajiri, na huko ndiko alikojua kupika. Kila Marcus alipokwenda kwake alimkuta jikoni. Kuku wake wa kuoka alikuwa na sifa. Mipira yake midogo ya nyama ya kusaga, chakula cha kila nyumba Uswidi, mjukuu wake anaipika hadi leo. Kitu hakikutupwa kwake: mifupa ilikuwa supu, na matunda ya kiangazi yaliwekwa kwenye chupa yakangoja baridi.

Na samaki. Bahari ya kule ina samaki aitwaye heringi, mwembamba, anayeng'aa, anayekuja kwa makundi makubwa. Mkimwona mtasema huyu ni ndugu mkubwa wa usipa wetu. Sisi usipa akitoka ziwani tunamwanika mchangani au kwenye kichanja, jua linamaliza kazi. Wao jua lao ni dhaifu, miezi mingi halina nguvu ya kukausha hata kitambaa, basi wakabuni njia nyingine: chumvi kwanza, halafu siki na sukari. Kipimo chao kila mtoto anakijua, moja, mbili, tatu. Siki kali kikombe kimoja, sukari viwili, maji vitatu. Unachemsha, unaacha ipoe, unamtumbukiza samaki aliyekaa chumvini pamoja na vipande vya kitunguu na karoti. Kijana aliyekuja kupika katika migahawa ya mabilionea alianza na elimu hii ya watu maskini wa pwani, ya kumfanya samaki wa leo aliwe mwezi ujao.

Ndoto yake ya kwanza haikuwa sufuria. Ilikuwa mpira. Alichezea timu ya vijana ya klabu ya GAIS pale Göteborg, na alikuwa mzuri, lakini mwili wake ulikuwa mdogo, wakamwacha. Alilia kama ambavyo yeyote kati yenu angelia. Ndipo akaenda shule ya upishi.

Sasa niwaeleze jiko la mgahawa mkubwa linavyokwenda, kwa sababu watu wengi hudhani mpishi maarufu anasimama peke yake na mwiko wake. La. Kuna jeshi zima. Mfaransa mmoja, Auguste Escoffier, aliyezaliwa 1846, ndiye aliyelipanga jiko namna hiyo baada ya kuhudumu jeshini: mmoja kazi yake ni sosi tu, mwingine ni samaki tu, mwingine ni vyakula vya baridi, mwingine ni keki na vitamu. Juu yao yuko mpishi mkuu, ambaye neno lake halirudishwi. Chini kabisa yuko mwanafunzi. Mwanafunzi anamenya viazi, anapara samaki, anakata karoti ziwe vijiti vyenye urefu uleule, na kimoja kikizidi anaambiwa aanze upya. Anasugua sakafu. Anakuja wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Si ukatili mtupu, ingawa ukatili umo na sitauficha. Sahani ya saa moja usiku na sahani ya saa nne usiku lazima zilingane kabisa, na mkono haufiki hapo bila kurudia kitu kilekile mara elfu.

Marcus alianzia huko chini. Alifanya kazi katika hoteli kubwa Uswisi, akaenda Austria, akapanda meli za kitalii ili aone bandari na masoko ya watu. Alikuwa na daftari. Kila alipoonja kitu kigeni alikiandika: kimetiwa nini, kimekaaje ulimini, kingeweza kukaa na nini kingine. Kisha akafika Ufaransa, kijiji cha Vonnas, kwa Georges Blanc. Mgahawa wa Blanc ulikuwa na nyota 3 za Michelin tangu 1981. Michelin ni kampuni ya matairi. Mwaka 1900 ilitoa kitabu cha kuwaongoza wenye magari, na kuanzia 1926 kitabu hicho kikawa kinaipa nyota migahawa mizuri. Nyota 3 ndizo za juu, na wapishi wameugua kwa kuzitafuta.

Haikuwa njia nyepesi kwa kijana mweusi. Wapo waliomwajiri kwa barua, na alipofika mlangoni wakaona rangi yake wakamwambia nafasi imejaa. Katika majiko yale makubwa hakumwona mpishi mkuu hata mmoja anayefanana naye. Akaamua Ulaya haitampa nafasi anayoitaka, akavuka bahari kwenda New York, kwenye mgahawa wa Kiswidi uitwao Aquavit.

Mpishi mkuu wa pale alifariki ghafla, na mwenye mgahawa akamkabidhi jiko kijana huyu ambaye alikuwa hajatimiza miaka 25. Mwaka 1995 gazeti la New York Times likaja kuonja. Gazeti hilo hutoa nyota zake lenyewe, mwisho 4. Mwandishi wake, Ruth Reichl, alikuwa na desturi ya kuvaa wigi na kutumia majina ya uongo ili wapishi wasimtambue wakampendelea. Aliipa Aquavit nyota 3, na kabla yake hakuna mpishi mkuu aliyewahi kuzipata akiwa na umri mdogo hivyo.

Alipika nini? Alipika heringi ya siki ya bibi. Lakini pia alichukua ini la bata, kitu cha fahari ya Wafaransa, akalioka kama keki ndogo ambayo ukiipasua katikati inamiminika. Watu walivuka mji kwenda kuila. Mwaka 2003 taasisi ya James Beard, inayotunuku wapishi wa Marekani, ikamtaja mpishi bora wa jiji la New York.

Na hapa ndipo ninapoumia na kufurahi kwa pamoja. Alijua sosi za Kifaransa, samaki wa Kiswidi, keki za Austria, viungo vya Asia alivyovionja bandarini. Berbere hakuijua. Katika shule zote alizopita, kwenye vitabu vyote vinene vya upishi, Afrika haikuwamo. Bara lenye tefu na mtama, lenye pilau na mchuzi wa karanga, lenye samaki wa kukausha na wa moshi, lilipitwa kana kwamba watu wake hawali. Mtoto wa Ahnu akawa mpishi mashuhuri bila kufundishwa neno moja kuhusu chungu cha mama yake. Kosa hilo sio lake. Ni la waliotunga mitaala, na kwa sehemu ni letu sisi tuliokaa kimya tukidhani chakula chetu hakistahili kuandikwa.

Alirudi Ethiopia akiwa mtu mzima. Akaingia sokoni, akasimama na kina mama wanaosaga viungo, akajifunza kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Dada yake Linda naye alifuatilia habari za ukoo, ikabainika kwamba baba yao mzazi yu hai, bado ni mkulima kijijini, na ana watoto wengine. Ndugu wa tumbo jingine waliokuwa hawawajui! Marcus akazunguka nchi nyingi za Afrika akiwa na daftari lake, na mwaka 2006 akatoa kitabu cha mapishi ya bara hili, The Soul of a New Cuisine.

Tarehe 24 Novemba 2009 aliitwa Ikulu ya Marekani. Rais Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya, alikuwa anafanya karamu yake ya kwanza ya kitaifa, na mgeni wa heshima alikuwa Waziri Mkuu wa India, Manmohan Singh. Wageni zaidi ya 300, ndani ya hema lililosimikwa uwanjani. Singh hakula nyama, kwa hiyo Marcus akaandaa supu ya dengu, saladi ya viazi na biringanya, dengu pamoja na bamia, na mboga zilizochumwa katika bustani ya Ikulu yenyewe. Waliotaka kitu cha majini walipewa kamba katika mchuzi wa bizari ya kijani. Bamia, wajukuu! Bamia mezani kwa wakuu wawili wa dunia, na hakuna aliyeona haya.

Mwaka uliofuata, Desemba 2010, alifungua mgahawa wake, Red Rooster, na hakuufungulia kwenye mitaa ya matajiri. Aliuweka Harlem, makazi ya Wamarekani weusi kwa miaka mingi, na yeye mwenyewe akahamia huko. Orodha ya chakula ina kuku wa kukaanga, mkate wa mahindi, kunde, majani ya mboga. Iko pia mipira ya nyama ya Helga, kwa jina lake bibi. Nao wanaojua kuonja wanaikuta berbere imejificha humo. Rais Obama alikula pale mwaka 2011 katika hafla ya kuchangisha fedha, ambapo kiti kimoja kilikuwa dola 30,800. Siku za kawaida majirani huingia na watoto wao. Maradhi ya korona yalipofunga migahawa mwaka 2020, jiko hilo likageuka la kugawa chakula cha bure kwa wenye njaa mtaani.

Mwaka 2023 alifungua mgahawa Addis Ababa, uitwao Marcus Addis, juu katika jengo la Benki ya Biashara ya Ethiopia, ambalo linazidi mita 200 kwenda juu. Huo ndio mji ambao mama yake aliufikia kwa miguu. Vijana wa Kiethiopia ndio wanaopika humo.

Najua wapo kati yenu wanaowasha moto nyumbani kwa kupenda, si kwa kutumwa. Kazi hii inasomewa hata hapa nchini. Chuo cha Taifa cha Utalii kina kampasi Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, na VETA wana chuo chao cha hoteli na utalii kule Arusha. Watawafundisha sosi za Escoffier, na mzijue vizuri, maana ni elimu. Mwalimu akiwauliza kwenu mnakula nini, msimjibu "ugali tu" mkainamisha kichwa. Mwelezeni jinsi bibi anavyomchagua mbasa mnene, anavyompasua mgongoni na kumkausha kwa moshi wa taratibu. Mwelezeni usipa anaanikwa saa ngapi na anageuzwa lini, ni dalili gani inaonyesha jua limemtosha, na kwa nini ugali wa muhogo humfaa kuliko wa mahindi. Kama hamjui, bibi yuko, na daftari la kaunta ni bei ndogo dukani.