Bistro ya Kifaransa Hotelini: Soma Menyu, Soma Bili, Kisha Ndio Uweke PIN

Kuna sehemu Nairobi ambazo wengi wetu hupita nje tu. Si kwamba hatuna pesa ya kuingia hata siku moja, ila tunaogopa vitu viwili: menyu tusiyoielewa, na bili itakayokuja kutushtua mbele ya watu. Bistro ya Kifaransa ndani ya hoteli kubwa iko juu kabisa kwa hiyo orodha.

Lakini siku hizi mialiko inakuja. Mpenzi ana birthday, bosi anaagwa, shangazi amerudi kutoka Ulaya, chama kimefunga mwaka vizuri. Kwa hivyo watu wanne wa timu yetu tulienda kula chakula cha mchana kwenye bistro moja ndani ya hoteli mtaani Westlands, tukalipa kwa simu, tukarudi na bili mkononi. Haya ndiyo mambo ambayo tungependa uyajue kabla hujaketi.

Bistro ni kibanda cha Paris

Usitishwe na jina. Kule Ufaransa, bistro si mahali pa mabwanyenye. Ni mkahawa mdogo wa mtaani, mara nyingi wa familia, wenye chakula cha kawaida kilichopikwa vizuri na menyu fupi iliyoandikwa kwa chaki ubaoni. Neno lenyewe lilianza kuonekana kwenye maandishi ya Kifaransa miaka ya 1880.

Wengi wa waliokuwa na mikahawa ya aina hii Paris walikuwa wahamiaji kutoka eneo la Auvergne, mashambani katikati ya Ufaransa. Walikuja mjini kutafuta riziki, wakawa wanauza kuni na makaa, na hapo hapo dukani wanamwuzia mteja kinywaji. Waliitwa bougnats. Ukifikiria mama anayeuza makaa upande huu na chai na mandazi upande ule, hujakosea sana.

Sasa mbona bistro ya hotelini iwe ghali? Jibini, divai na bata mara nyingi husafirishwa kutoka mbali. Juu ya hapo kuna kodi ya jengo, jenereta, walinzi na wapishi waliosomea kazi yao. Chakula ni kile kile cha mtaani, lakini mtaa umebadilika.

Na si kila kitu kimetoka nje. Viazi na nyama ya ng'ombe ni vyetu. Hata ile mishiri inayoletwa kando ya nyama, ambayo menyu inaita haricots verts, wakulima wetu wa Kirinyaga huilima na kuiuza hadi Ulaya. Mkulima wa Mwea akiketi hapo ataijua mara moja, hata kama jina limevaa suti.

Menyu bila presha

Menyu ya Kifaransa ina mpangilio wake. Entrée ni chakula cha kuanzia, si chakula kikuu. Plat ndio chakula chenyewe. Dessert ni kitamu cha mwisho. Ukiona formule au prix fixe, hiyo ni seti ya sahani mbili au tatu kwa bei moja, na kwa kawaida inakutoka nafuu kuliko kuagiza kimoja kimoja. Plat du jour ni chakula cha siku. Uliza bei yake, kwa sababu mara nyingine haiandikwi.

Sahani utakazozikuta karibu kila bistro ni hizi:

- *Soupe à l'oignon*: supu ya vitunguu vilivyokaangwa polepole hadi vikawa rangi ya kahawia, juu yake kipande cha mkate na jibini iliyoyeyuka. Inashibisha kuliko inavyoonekana.
- *Steak frites*: nyama ya ng'ombe na chipo. Ukitaka kuanza bila kujaribu bahati, anza hapa.
- *Coq au vin*: kuku aliyepikwa kwa divai nyekundu. Mara nyingi kuna vipande vya nyama ya nguruwe ndani.
- *Confit de canard*: mguu wa bata uliopikwa polepole ndani ya mafuta yake hadi nyama ikaachana na mfupa.
- *Steak tartare*: nyama ya ng'ombe iliyosagwa na kuletwa mbichi. Ndiyo, mbichi. Si kosa la jikoni.
- *Crème brûlée*: kastadi baridi yenye sukari iliyochomwa juu mpaka ikakauka kama kioo. Unaivunja kwa kijiko.

Weita akikuuliza nyama iiveje, kumbuka maneno manne: bleu ni karibu mbichi, saignant bado ina damu, à point ni ya wastani lakini katikati ni ya waridi, na bien cuit imeiva kabisa. Wakenya wengi tunataka bien cuit. Sema bila aibu, ni nyama yako na ni pesa yako.

Kwa wasiokula nguruwe au wasiotumia pombe: usiangalie jina la sahani peke yake. Divai huingia kwenye mchuzi, na vipande vya nguruwe vinavyoitwa lardons huingia hata kwenye saladi. Uliza kabla ya kuagiza. Weita mzuri atakwenda jikoni akuulizie, na huyo wetu alifanya hivyo mara mbili bila kununa.

Maji na mkate

Hapa ndipo watu huumia kidogo kidogo. Ufaransa, ukiomba jagi la maji ya bomba unapewa bure pamoja na mkate, na bei iliyo kwenye menyu tayari ina kodi na huduma. Nairobi mambo ni tofauti. Ukiulizwa unataka maji ya kawaida au ya gesi, jua unauziwa chupa. Mkate unaoletwa kabla hujaagiza unaweza kuwa wa bure au wa kulipiwa. Swali moja tu linatosha: "Hii iko kwa bili?"

Hesabu yenyewe

Chini kabisa ya menyu, kwa maandishi madogo, huwa kuna sentensi moja kuhusu kodi. Hiyo ndiyo sentensi ghali zaidi kwenye karatasi nzima. Inakuambia kama bei ulizoziona zina kodi na ada ndani au zitaongezwa baadaye.

Kwa hoteli nyingi Kenya, vitu vitatu huhusika: VAT ya asilimia 16, ushuru wa utalii wa asilimia 2 unaoenda Tourism Fund, na ada ya huduma ambayo hoteli yenyewe hupanga, mara nyingi asilimia 10. Jumla ni asilimia 28.

Menyu yetu ilisema vitaongezwa. Tuliagiza hivi:

- Supu ya vitunguu 2 kwa 900: 1,800
- Steak frites 2 kwa 2,600: 5,200
- Coq au vin 1: 2,200
- Confit de canard 1: 2,800
- Crème brûlée 2 kwa 800: 1,600
- Juisi 4 kwa 400: 1,600
- Maji chupa kubwa 2 kwa 400: 800

Jumla ya vyakula na vinywaji: shilingi 16,000. Ukigawa kwa wanne ni 4,000 kila mmoja. Sasa ongeza VAT 2,560, ushuru wa utalii 320, na ada ya huduma 1,600. Bili ilikuja shilingi 20,480, yaani 5,120 kwa kila mtu.

Hiyo tofauti ya 1,120 kwa kichwa ndiyo hufanya watu waanze kuangaliana. Mtu aliyekuja na 4,500 kwa simu, akijua ametosheka, sasa inabidi akope mezani. Hajala kupita kiasi. Hakusoma mstari wa mwisho tu.

Njia rahisi ni hii: kama bei haina kodi na ada ndani, zidisha kwa 1.28 kabla ya kuagiza. Sahani ya 2,600 ni 3,328. Kama tayari viko ndani, bei unayoona ndiyo utakayolipa, na bili ya 16,000 inabaki 16,000. Ukiona menyu imesema viko ndani halafu bili imeongeza tena, mwite weita umwonyeshe menyu kwa upole. Una haki ya kuuliza kabla ya kulipa, na ni rahisi zaidi kurekebisha bili kuliko kurudisha pesa.

Kugawana bili

Kugawana sawa ni haraka, lakini si haki kila wakati. Kwenye meza yetu, aliyekula coq au vin na juisi bila supu wala kitamu alikuwa na 2,200, jumlisha 400 ya juisi, jumlisha 200 ya sehemu yake ya maji. Hiyo ni 2,800. Mara 1.28 inakuwa 3,584. Kwa kugawana sawa angelipa 5,120, yaani 1,536 zaidi ya alichokula. Kwa mtu aliyebana bajeti ili aje kusherehekea na wenzake, hiyo ni nauli ya siku kadhaa.

Kwa hivyo kubalianeni kabla ya kuagiza. Mna njia tatu:

1. Bili tofauti. Mwambie weita mapema, si mwisho. Kila mtu analipa yake moja kwa moja kwa hoteli, na hakuna gharama ya kutumiana pesa.
2. Mmoja analipa, wengine wanamtumia. Sawa, lakini mtumieni mkiwa bado mezani. "Nitakutumia jioni" imevunja urafiki mwingi. Kumbukeni pia gharama ya kutuma.
3. Mwenyeji analipa yote. Basi mwenyeji aseme mapema, wageni wale kwa amani.

Yeyote anayelipia kundi kubwa aangalie viwango vya laini yake. Kwa M-Pesa, muamala mmoja hauzidi shilingi 250,000. Kwa chakula cha wanne si shida, lakini kwa karamu ya kampuni au harusi, panga mapema.

Kulipa kwa simu, hatua kwa hatua

Hoteli inaweza kukupa namba ya Till, namba ya Paybill, au kukutumia ombi la malipo linalojitokeza kwa simu yako. Vyovyote itakavyokuwa, fanya haya:

- Angalia salio ukiwa bado nyumbani. Usiligundue mezani.
- Hesabu kiasi kwenye bili, si kwenye mdomo wa mtu. Linganisha na kiasi kilicho kwa simu kabla ya kuweka PIN.
- Soma jina la biashara. Hoteli nyingi zimesajiliwa kwa jina la kampuni mama, kwa hivyo jina linaweza kuwa tofauti na lile la kwenye geti. Muulize mhudumu, na uthibitishe na kaunta kama una shaka.
- Usilipe bili kwa namba ya mtu binafsi. Hata akisema "mtandao wa hoteli uko chini, nitume mimi nitalipa." Ukifanya hivyo, hoteli haikujui na bili yako bado iko wazi.
- Usimpe mtu simu yako akulipie. PIN ni yako peke yako. Weita anaweza kukusomea namba, lakini vidole viwe vyako.
- Ujumbe ukichelewa, usilipe mara ya pili. Kuta nene za hoteli na sehemu za chini ya jengo hukata mtandao. Angalia salio lako kwanza. Kama limepungua, malipo yametoka, mwombe mhudumu aangalie upande wao.
- Ukikosea namba, piga huduma kwa wateja papo hapo. Kila dakika ina maana, kwa sababu pesa ikishatumika na aliyeipokea, kuirudisha ni vigumu.

Mwisho, omba risiti ya eTIMS. Ina msimbo unaoweza kuuskani kuthibitisha kwamba risiti ni halali. Kama chakula ni cha kazi, mpe mhudumu PIN ya KRA ya biashara kabla hajaitoa. Hiyo PIN ya KRA unaweza kuitaja kwa sauti. Ile ya pesa, la hasha.

Na chai ya weita?

Kama ada ya huduma iko kwenye bili, umeshalipia huduma. Si lazima uongeze, na hakuna haja ya kujisikia mchoyo. Ukitaka kumshukuru mtu aliyekuhudumia vizuri, ni hiari yako, mia au mia mbili kwa noti inatosha. Unaweza pia kumtumia kwa simu, lakini kumbuka kwamba anaweza kuona jina lako na namba yako. Kama hutaki, beba noti kidogo.

Kabla hujatoka nyumbani

Kama ni kundi, hoteli inaweza kuomba malipo ya awali ili ishike meza. Pata namba ya malipo kutoka kwa hoteli yenyewe, kwa kupiga simu yao rasmi au kufika pale. Usichukue namba iliyotumwa na ukurasa usioujua mitandaoni, hata kama una picha nzuri za crème brûlée.

Hakuna kitu kwenye bistro kinachohitaji uwe tajiri au ujue Kifaransa. Kinachohitajika ni maswali matatu unayouliza mapema: kuna nini ndani ya chakula hiki, kodi na ada ziko ndani ya bei, na pesa inaenda kwa nani. Ukishapata majibu, kula polepole. Ile sukari ya crème brûlée ukiivunja ina sauti tamu sana, na inasikika vizuri zaidi ukijua bili itasema nini.