Mawazo ya Jamaa: imani iliyoota ndani ya nyumba za wafanyakazi wa Katanga

Mtu wa Lubumbashi akikuambia « niko na mawazo mingi », haumuulize kama anasoma falsafa. Unajua iko na deni, ao pesa ya masomo ya watoto imekosekana, ao kuna mgonjwa nyumbani. Lakini kunako makambi ya wafanyakazi wa Katanga, kuanzia miaka ya 1950, neno hilo « mawazo » lilipata maana ingine kabisa. Lilikuwa jina la mwangaza ambao mtu anapata juu ya maisha yake mwenyewe, na ambao hawezi kuupata akiwa peke yake.

Waliolitumia hivyo ni watu wa Jamaa, kikundi cha Wakatoliki kilichoanza upande wa Kolwezi na kuenea Likasi, Lubumbashi mpaka Kasai. Vijana wengi leo hawajui habari yake. Wacha tuieleze.

Padri Placide Tempels, Mfransiskani kutoka Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933. Mwaka 1945 kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu kilitoka hapa hapa Élisabethville, jina la Lubumbashi la wakati ule. Kilimpa sifa mbali na matatizo karibu: Askofu Jean-Félix de Hemptinne, aliyeongoza Kanisa la hapa, alikipinga sana. Ila kwa habari ya leo, kitabu si kitu. Kikubwa ni jambo ambalo Tempels alilieleza baadaye juu ya kazi yake mwenyewe. Miaka kumi hivi alifundisha sawa mkubwa: anajua yote, anaamuru, watu wanaitika « ndiyo padri » na kurudi kwao na maisha yao vile yalivyokuwa. Kisha akabadilisha namna. Akaacha kuhubiri kidogo, akaanza kuuliza: ninyi, katika maisha haya, munatafuta nini zaidi?

Majibu aliyoyapata aliyakusanya katika mambo matatu, na hayo matatu yakawa msingi wa Jamaa: uzima, uzazi, mapendo.

Uzima si afya tu. Ni kuwa muntu mzima, mwenye nguvu ndani, asiyevunjwa na maneno ya watu wala na mshahara mdogo. Uzazi nao si kuhesabu watoto. Kwetu nyumba bila mtoto inabeba maneno mengi ya ndugu, kila mtu anajua, na mara nyingi ni mama njo anayebeba. Jamaa ilisema mtu anaweza kuzaa mtu mwingine kwa kumfikishia uzima, hata kama tumbo halikuzaa. Kwa bibi na bwana waliokosa mtoto, fikiria neno hilo lilikuwa na uzito gani. Mapendo ni kuungana, bwana na bibi kwanza, mpaka mmoja aweze kumfungulia mwenzake yale yaliyo ndani.

Juu ya nini mafundisho hayo yaliwaka makambini? Kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwatunza wafanyakazi wake kwa mkataba mrefu, na bibi zao na watoto. Ilitoa nyumba, posho, hospitali na masomo. Mtu hakukosa unga. Lakini alikuwa mbali na wazee wa kijiji chake, jirani yake ni wa kabila lingine, na wanaomwita « mtoto » ni wengi: bwana wa kampuni, bwana wa serikali, na padri naye. Nyumbani nako bibi alingojea posho tu. Katika hali ile, kuambiwa kwamba mawazo yenu ninyi wawili, ndani ya nyumba hii ya kampuni, yana thamani mbele ya Mungu, halikuwa jambo dogo.

Kazi yenyewe ilifanyika namna hii. Bwana na bibi waliingia pamoja. Hawakupewa kitabu wala karata ya uanachama. Walipata baba na mama wa kiroho, yaani bibi na bwana wengine waliowatangulia, na walipita njia tatu, moja kisha ingine. Walitembeleana, walikaa, walizungumuza. Mafundisho yalienda kwa kuulizana na kujibu: muntu ni nini? Mbele dunia haijaumbwa, Mungu alikuwa na mawazo gani juu yetu? Walielezana pia ndoto zao na kutafuta maana yake pamoja.

Tuseme baba amerudi kutoka kazini na hasira, anakataa bukari, hasemi kitu. Katika mahubiri ya kawaida angeambiwa: hasira ni zambi, uombe. Katika Jamaa anaulizwa aeleze. Ni nani amemnyima uzima leo? Na yeye, kwa kunyamaza, anamnyima bibi yake nini? Akijibu yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, jibu linabaki kwake. Mimi naona hapo njo siri yao: hawakupewa faraja ya juu juu, walipewa mtu wa kuwasikiliza. Leo kuna kanisa karibu kila avenyu, na sauti ya mikro inafika mpaka usiku, lakini mtu anaweza kusali pale mwaka mzima bila kuulizwa hata mara moja: wewe, uko namna gani?

Mambo hayakuwa mazuri tu. Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962 na hakurudi. Alikufa Ubelgiji mwaka 1977. Pembeni ya Jamaa vilitokea vikundi vilivyoitwa Katete, ambavyo vilishtakiwa kwamba vimegeuza umoja wa roho kuwa mambo ya mwili. Maaskofu nao waliogopa mafundisho yanayopita nyumba kwa nyumba bila padri kuyasimamia, na katika miaka ya 1970 walibana Jamaa kwa ukali. Hofu yao ilikuwa na sababu, maana mtu akikufungulia moyo wake wote, umepata nguvu kubwa juu yake. Lakini walioumia zaidi ni bibi na bwana wa kawaida, ambao walijiona Wakatoliki wa kweli na sasa waliambiwa wachague. Wengine waliacha na kubaki parokiani. Wengine walitoka na kuanzisha Jamaa Takatifu Katolika. Johannes Fabian, mtafiti aliyeandika kitabu juu ya Jamaa mwaka 1971 na kufundisha kisha kunako chuo kikuu cha Lubumbashi, aliporudi huku katika miaka ya 1980 aliona vikundi vya karismatiki vimeshika nguvu.

Kisha kampuni nayo ikaanguka. Gécamines, iliyorithi Union Minière, iliwaachisha kazi watu zaidi ya 10,000 mwaka 2003, kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa mapenzi. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alikuwa ameshaeleza mbele ya pale, katika kitabu chake cha mwaka 2001, namna baba wa kambi alivyopoteza uwezo nyumbani. Mama njo alianza kulisha nyumba, kwa makala, unga, mboga ya shamba. Baba alibaki kivulini na heshima yake ya zamani.

Nyumba nyingi zilivunjika kwa kimya kile, zaidi kuliko kwa njaa. Na pale maswali ya zamani ya Jamaa yanarudi, hata kwa mtu ambaye hajawahi kusikia jina hilo: baba bila posho bado ni muntu mzima? Anaweza kuzaa uzima namna gani, na bibi yake anamwambia lini kwamba amechoka? Ninyi wa Bukavu, Goma ao Kalemie munaokutana katika shirika kila juma munaweza kuyaweka mezani bila kubadilisha dini. Nyumbani inatosha viti viwili, watoto wakishalala.