Fizi: Kitabu cha mtoto aliyeitwa mgeni katika nchi yake

Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, watu wenye silaha walivamia kambi ya wakimbizi ya Gatumba, nchini Burundi, karibu na mpaka wa Kongo. Zaidi ya watu 150 waliuawa, wengi wao Banyamulenge waliokimbia Kivu ya Kusini. Kundi la FNL la Burundi lilikiri kuhusika.

Sandra Uwiringiyimana alikuwa na miaka 10. Alielekezewa bunduki kichwani, akapona. Mdogo wake Deborah, mwenye miaka 6, aliuawa.

Sandra amesimulia hayo katika kitabu *How Dare the Sun Rise*, kilichotoka mwaka 2017. Humo, mtoto anaitwa mgeni katika nchi aliyozaliwa. Familia inapohamia Marekani, anakuta ubaguzi mwingine, ule wa rangi ya ngozi.

Kisa hicho kinagusa teritware ya Fizi, ambamo Banyamulenge wa Minembwe na Babembe wa Baraka ni majirani. Babembe nao wanaomboleza Makobola. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 inasema zaidi ya watu 800 waliuawa huko na waasi wa RCD na washirika wao, kati ya 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999. Watoto walikuwa miongoni mwao.

Mara nyingi kila jamii huwasimulia watoto wake habari za wafu wake tu, na chuki huanzia hapo. Mtoto wa Baraka akisikia habari za Deborah, na wa Minembwe akisikia za Makobola, itakuwa vigumu kumwita mwenzake adui.