Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Mashambani kandokando ya Likasi, mji ulioitwa zamani Jadotville, udongo mwekundu wapendeza macho, lakini hauna unono. Mvua za miaka mingi zimechukua chakula chake na kuuachia ukali. Apandaye mahindi pahali pamoja kila mwaka huona magunia yakipungua, na mbolea ya kiwandani ni ghali. Afanyeje?

Na apande soya. Bukari bila kitoweo hujaza tumbo, lakini haujengi mwili. Soya yaujenga, kwa maana zaidi ya theluthi moja ya punje yake ni protini. Unga wake katika uji husaidia kumkinga mtoto na unyafuzi, ugonjwa uvimbishao miguu.

Protini hiyo hutengenezwa kwa naitrojeni. Katika kila sehemu 100 za hewa, 78 ni naitrojeni. Walakini mmea hauwezi kuivuta wenyewe. Mwaka 1888 Beijerinck, mtaalamu wa Uholanzi, alitenga bakteria wakaao katika vinundu vya mizizi ya kunde. Hao ni wageni wema: mmea huwapa sukari, nao huupa naitrojeni ya hewani.

Lakini soya yatoka Asia, na mara nyingi bakteria wake ni haba katika udongo wetu. Kwa hiyo huuzwa katika mifuko, nao huitwa mbolea hai. Lowesha mbegu kidogo kwa maji ya sukari, changanya na unga huo kivulini, kisha panda siku ileile katika udongo wenye unyevu. Jua kali huwaua. Ukikosa mfuko, omba udongo katika shamba ambamo soya ilizaa vinundu vizuri, uutie katika mashimo yako.

Tena mgeni hakai katika nyumba yenye njaa. Tia samadi iliyooza vema, au mboji ya majani na takataka za jikoni. Mavi ya kuku yana fosforasi nyingi. Chokaa au majivu hupunguza ukali wa udongo. Samadi mbichi usitie, huunguza mizizi. Na kwa kuwa mji wetu ni wa shaba na kobalti, usilime wala kumwagilia mahali pafikapo maji machafu ya migodi na viwanda.

Pengine mtu atasema: “Nitajuaje kama ni kweli?” Panda mistari mitatu yenye mbolea hai, na mitatu isiyo nayo. Soya itoapo maua, chimbua shina moja polepole, ukate kinundu. Kikiwa chekundu ndani, wageni wako kazini. Kikiwa cheupe au kijani, hawafanyi kazi.

Wakati wa kuvuna, kata mashina, mizizi uiache ardhini. Mahindi ya mwaka ujao yatakushukuru.