Jibini ya Sherehe Isiyeyuke

Mwenye shughuli anapopanga vitafunio vya jibini, kwa kawaida huanza na ladha: ipi tamu, ipi ina jina, ipi itawafanya wageni waulize imenunuliwa wapi. Hilo lingekuwa swali la pili. La kwanza ni jibini hiyo itakuwaje dakika arobaini baada ya kutoka kwenye karai, maana hapo ndipo wageni wengi watakapoitia mdomoni. Sherehe za kwetu haziendi kwa saa ya mpishi. Kadi inasema saa kumi alasiri, ukumbi unajaa saa kumi na mbili, kisha kuna dua ya kufungua, utambulisho wa pande zote mbili, na mshereheshaji ambaye hajazaliwa bado anayeweza kumfupisha. Muda wote huo sahani zimeshapangwa. Chakula kinachopendeza mkahawani, ambako mtu hukaa akisubiri kitoke motoni, hapa hufika kwa mlaji kikiwa kimeharibika. Ndiyo maana kwa shughuli ya namna hii ni afadhali kuziacha kando jibini zinazoyeyuka, hata zile za bei kali, na kutengeneza nyumbani jibini nyeupe ya maziwa na ndimu, kisha kuijaza kwenye sambusa.

Tuanze na kile kinachoipata cheda au mozarela ikikutana na moto. Mafuta yaliyomo ndani yake hulainika kwenye joto lisilofika hata lile la mwili wa mtu. Cheda ikifikia nyuzi joto 65 hivi, protini zilizokuwa zikiishikilia hulegea na jibini yote huanza kutiririka. Mafuta ya kukaangia sambusa yako kati ya nyuzi 170 na 180. Kwa hiyo ndani ya manda nyembamba kunakuwa na uji unaochemka, na kona moja tu ikiwa haikuzibwa sawasawa, uji huo hupenya nje, hurusha matone ya moto, na kuacha makoko meusi yanayonata kwenye kila sambusa itakayofuata. Zile zilizosalimika nazo zina shida yake. Jibini inapopoa, protini hukaza upya, lakini si kwa mpangilio ule wa mwanzo. Mafuta yaliyojitenga huganda pembeni. Na mgeni anayeuma hukuta utando mgumu unaovutika kutoka sambusa hadi kidevuni. Picha za matangazo zinaonyesha uzi huo mrefu wa jibini kana kwamba ndio raha yenyewe. Hazionyeshi uzi huo ukiwa umepoa, wala mama mkwe mwenye nguo ya hariri akijaribu kuukata.

Jibini ya ndimu haiyeyuki hivyo, na tofauti hiyo ya tabia inatokana na namna maziwa yalivyogandishwa. Karibu asilimia 80 ya protini ya maziwa ya ng'ombe ni kaseini, ambayo huelea katika vifungu vidogo mno vilivyoshikizwa kwa kalisi. Jibini nyingi za Ulaya hugandishwa kwa reneti, kimeng'enya ambacho hukata ncha za vifungu hivyo ili viweze kushikana, huku kalisi ikibaki ndani kama kiunganishi. Kiunganishi hicho ndicho kinachoachia joto likizidi. Ndimu haifanyi hivyo. Uchachu wake huitoa kalisi ikaondoka na maji, na kaseini hubaki zimekamatana zenyewe kwa zenyewe. Ukiipasha jibini ya aina hii, kinachotangulia kutoka ni maji, na kadiri maji yanavyopungua ndivyo protini zinavyozidi kukazana. Zaidi ya hapo, maziwa huchemshwa kabla ya kutiwa ndimu, na moto huo hufungua protini za kundi la pili, zile ambazo mtengenezaji wa cheda humwaga pamoja na maji, zikajishikiza kwenye kaseini. Ndiyo paniri ya Wahindi, inayoelea kwenye mchuzi wa mchicha ikiwa na pembe zake nne kamili. Watu wa Kupro walifika mahali hapohapo kwa njia nyingine: halumi yao hugandishwa kwa reneti, lakini vipande vyake huchemshwa tena ndani ya maji ya jibini yenyewe, na ndiyo maana huchomwa kwenye makaa bila kudondoka. Wanaithamini kiasi kwamba mwaka 2021 Umoja wa Ulaya ulilisajili jina hilo kuwa haki ya Kupro.

Kazi yenyewe ni nyepesi, ila ina mahali pawili pa kukosea. Chukua lita mbili za maziwa yasiyotolewa mafuta, mabichi au ya pakiti inayouzwa kwenye friji. Yale ya boksi yanayokaa miezi kwenye rafu yaache: yamepitishwa kwenye joto kali mno, na mabonge yake hutoka madogo, malegevu, yasiyokubali kushikana. Chemsha kwenye sufuria yenye kitako kizito ukikoroga yasiungue. Yakianza kupanda, zima moto, ngoja dakika moja au mbili, kisha tia maji ya ndimu yaliyochanganywa na maji ya kawaida kiasi kilekile. Vijiko vinne hadi sita vya chakula vya ndimu hutosha, lakini visimiminwe kwa pamoja. Mimina kidogo, zungusha mwiko polepole, tazama. Mabonge meupe yakijitenga na maji yakawa ya rangi ya manjano inayoelekea kijani, acha hapo hapo. Hili ndilo kosa la kwanza: mpishi mwenye wasiwasi huongeza ndimu ili kujihakikishia, akaambulia jibini chachu inayosagika. Maji yakiwa bado meupe kama maziwa, ongeza kijiko kimoja. Yakishakuwa safi, ndimu haina kazi tena.

Kosa la pili, na ndilo linaloharibu sambusa nyingi zaidi, ni haraka ya kuchuja. Mimina kila kitu kwenye chujio lililotandikwa kitambaa safi cha pamba, suuza mabonge kwa maji baridi ili uchachu upungue, kamua, kisha kining'inize kitambaa juu ya beseni nusu saa au zaidi. Anayetaka vipande vya kuchoma kwenye vijiti vya mishkaki atakibana chini ya kitu kizito kipate umbo. Wa sambusa hahitaji umbo, anahitaji ukavu. Bonyeza kiasi kwenye kiganja: kikishikana bila kuacha maji mkononi, kimeiva. Kikiacha maji, kirudi kuning'inia, kwa sababu unyevu huo ukifungwa ndani ya manda utailainisha kabla haijaingia kwenye mafuta, na ukishaingia utageuka mvuke na kuipasua. Lita mbili hutoa gramu 300 hadi 400 za jibini, na kwa kujaza kijiko kimoja cha chakula kila moja, pamoja na viungo, ni karibu sambusa thelathini.

Mjazo unataka vitunguu maji vilivyokatwa vidogo na kukaangwa mpaka vikauke kabisa, kitunguu saumu na tangawizi, binzari nyembamba iliyokaangwa bila mafuta na kutwangwa, pilipili manga, pilipili mbichi kwa kadiri ya ujasiri wa mwenye shughuli, na kotimiri nyingi. Chumvi itiwe mwisho, wakati wa kufunga, kwa kuwa chumvi huvuta maji. Vyote vipoe kwanza. Mjazo wa moto huilegeza manda. Ziba kingo kwa unga wa ngano uliokorogwa mzito kwa maji, na uiangalie kila kona kana kwamba inalipiwa. Kaanga chache chache, zisijazane, mpaka zipate rangi ya dhahabu. Sambusa hizi zikipoa, manda itapoteza ukakamavu wake kidogo kama manda nyingine yoyote, ila jibini iliyomo ndani itakuwa ileile: laini, yenye punje, inayokatika kwa meno.

Watakuwepo watakaosema jibini ndani ya sambusa ni ugeni, jambo la kuiga Wazungu. Historia ya kitafunio chenyewe haiwaungi mkono. Katika nchi za Shamu sambusa ya jibini ni ya kawaida sawa na ya nyama, na katika Ghuba, Oman ikiwemo pamoja na familia zake zinazozungumza Kiswahili, futari ya Ramadhani hukuta sambusa za jibini mezani bila mtu kushangaa. Wala maziwa yaliyoganda na ndimu havikuletwa juzi katika pwani ya Afrika Mashariki. Ibn Battuta alipopita Mogadishu katika karne ya 14 aliandika kwamba alikaribishwa, pamoja na wali, maziwa yaliyogandishwa yakiwa yamewekewa malimau ya achari. Huko si kutengeneza jibini, lakini ni mezani palepale, na ulimi uliozoea mchanganyiko huo hauna cha kujifunza upya.

Pingamizi zito zaidi ni la ladha. Jibini ya ndimu ni ya saa chache. Haikupata miezi ya ghalani ambayo huvunjavunja protini na mafuta na kuzaa ile harufu na ukali wa jibini iliyokomaa. Anayesema imepooza anasema kweli. Ila kupooza huko kuna faida mbili katika karamu ya watu mia mbili. Kwanza, huipisha binzari, pilipili na kotimiri zisikike, na kiungo ndicho wageni wetu wanachokitafuta ndani ya sambusa. Pili, waliokulia kwenye chai ya maziwa na mtindi wengi wao hawaipendi harufu ya jibini iliyozeeka, na kwenye sherehe mtu huridhisha umma kabla ya mabingwa. Kwa anayeutaka ukali ipo njia ya kati: akwaruze jibini ngumu kidogo, sehemu moja kwa nne za nyeupe, aichanganye na mjazo. Itayeyuka, lakini itanywewa na punje za ile isiyoyeyuka badala ya kukimbilia nje. Wala haihitaji kutoka Ulaya. Milima ya Masisi, Kivu Kaskazini, inajulikana kwa jibini yake inayofanana na gauda, inayouzwa Goma na kwingineko. Lushoto na Limuru nako wanatengeneza zao.

Kuna pia anayeuliza kwa nini ajisumbue na sufuria wakati duka lipo. Jibu lisiloepukika ni bei, lakini hata mwenye fedha ana sababu nyingine. Reneti kwa asili hutoka kwenye tumbo la ndama. Mwislamu atataka kujua ndama huyo alichinjwaje, na Mhindu asiyekula nyama hatamtaka kabisa. Ni kweli kwamba siku hizi viwanda vingi hutumia kimeng'enya kinachozalishwa na vijidudu, teknolojia ambayo Marekani iliiruhusu mwaka 1990, lakini kifuniko cha pakiti mara nyingi huandika neno "reneti" tu na kumwachia mnunuzi kubahatisha. Katika sherehe ya Mombasa au Dar es Salaam, ambako meza moja huwakalisha Waislamu, Wahindu, Wasabato na Wakatoliki, jibini ambayo viambato vyake ni maziwa na ndimu humwondolea mwenyeji maswali yote hayo. Na kwa kuwa maziwa yamechemshwa hadi kupanda, hofu ya ugonjwa wa brusela unaotokana na maziwa mabichi inaondoka nayo.

Hoja ya kudumu mezani inahitaji mpaka, maana ni rahisi kuielewa vibaya. Jibini hii haiyeyuki, haimaanishi haiozi. Ina unyevu mwingi na haina uchachu wa kutosha kuzuia vijidudu, hivyo nje ya friji haimalizi siku, na ndani ya friji ihesabiwe siku chache tu. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida, na kinachosubiri kiwekwe kwenye joto linalozidi nyuzi 60. Sherehe ikiwa uwanjani na hewa ikapita nyuzi 32, wataalamu wa Marekani hupunguza muda huo kuwa saa moja. Hapo mshereheshaji wetu anashinda, na mpishi hana budi kumzunguka: sambusa zifungwe siku moja au zaidi kabla, zigandishwe kwenye friza zikiwa mbichi, na zikaangwe kwa awamu wageni wanavyoingia, moja kwa moja kutoka kwenye barafu, moto ukiwa wa wastani ili katikati pafike. Kugandisha huifanya paniri isagike, jambo ambalo mpishi wa mchuzi hulilalamikia na ambalo ndani ya sambusa halina hasara yoyote.

Kuhusu wale ambao tumbo huwajaa wanywapo maziwa, sukari ya maziwa inayowasumbua, laktosi, sehemu yake kubwa huondoka na yale maji ya manjano, kwa hiyo sambusa mbili zitawakalia vizuri kuliko kikombe cha maziwa. Maji hayo yasimwagwe. Yanakandia chapati vizuri. Mwenye mzio wa protini ya maziwa ni habari nyingine. Huyo hata tonge moja linaweza kumdhuru, na sambusa ya jibini kwa nje haitofautiki na ya nyama wala ya viazi. Zikae kwenye sinia lake peke yake, na kikaratasi kisemacho zina nini, kwa herufi zinazosomeka kwenye taa hafifu za ukumbini.