Pikipiki ya Porini Iliyotumika: Tazama Chujio Kabla ya Cc

Anayetafuta pikipiki iliyotumika ya kutembelea porini siku za mapumziko huanza na swali moja: ina cc ngapi? Fundi anayemtakia mema huanza kwingine: imefanya kazi wapi, na nani alikuwa akiihudumia? Pikipiki ya cc 200 iliyotunzwa itakutoa Lushoto mpaka Mtae na kukurudisha jua likiwa bado juu. Ya cc 650 iliyochakaa itakuacha katikati ya mlima, na hakuna mtu mmoja anayeweza kuisukuma.

Uzito ndio unaowachosha wanaoanza. Suzuki DR650 inazidi kilo 160, na Kawasaki KLR650 ni nzito zaidi. Barabarani hutauhisi uzito huo. Kwenye mchanga wa korongo au tope la Machi, mahali ambapo kuanguka ni jambo la kawaida, utaiinua mara ya kwanza kwa nguvu, mara ya tatu kwa hasira, na ya tano utamwita mtu. Yamaha Serow, iliyotoka mwaka 1985 kwa ajili ya vijia vya milimani huko Japani, inazidi kilo 100 kwa kiasi kidogo tu, na kiti chake kiko takriban sentimita 81 kutoka chini. Mtu wa kimo cha kawaida anakanyaga ardhi kwa miguu yote miwili. Kwa matembezi, faida hiyo inashinda nguvu ya injini.

Pikipiki za mashindano, kama Yamaha YZ au Honda CRF450R, ziache. Hazina taa, shokapu zake ni ngumu kwa sababu zimetengenezewa kuruka, na matengenezo yake huhesabiwa kwa saa za injini, si kwa kilomita. Ukiiona moja inauzwa bei rahisi, mara nyingi ni kwa sababu pistoni imefika mwisho.

Sehemu nzuri ya kutafuta ni minada ya miradi na mashirika. Huko utakutana na Yamaha DT125, Honda XL125, na zile za familia ya AG, AG100 na AG200. Kwa miaka mingi hizi ndizo zilizowabeba maafisa kilimo na wahudumu wa afya vijijini. AG zilibuniwa kwa wafugaji wa Australia na New Zealand, na unaliona hilo ukiikaribia mojawapo: cheni imefunikwa yote isile vumbi, kuna stendi pande zote mbili ili uiegeshe hata kwenye mteremko, na mkono wa klachi una kifungio cha kuushikilia ukiwa umebanwa wakati unashuka kufungua geti. Hazina mbio, na breki zake za ngoma zikiingia maji hulegea mpaka zikauke. Lakini kwa anayetaka kuona nchi taratibu, sijaona thamani kubwa kuliko hiyo kwa fedha ileile.

Ubaya wa pikipiki ya mradi ni kwamba imeendeshwa na watu wengi, na hakuna aliyeiona kuwa yake. Hapo ndipo chujio la hewa linapokuwa shahidi wako. Omba bisibisi, fungua ubavu wa pikipiki, toa sponji. Sponji nzuri ina unyevu wa oili, inanata vidoleni, na uchafu wake umeenea sawasawa upande wa nje. Ikiwa kavu, imechanika au haipo kabisa, usikate tamaa bado. Funga kitambaa cheupe kidoleni, kipitishe ndani ya bomba linaloelekea kwenye kabureta, ukisugue. Kikitoka safi, endelea na ukaguzi. Kikitoka na vumbi la kahawia, tena ukalisikia likikwaruza kati ya vidole, injini hiyo imekuwa ikivuta mchanga. Vumbi la Longido na Natron ni laini kama unga na linatokana na majivu ya volkano; linasaga ringi na silinda kimyakimya. Rangi mpya ya tangi haitalifuta.

Mwambie muuzaji mapema asiiwashe kabla hujafika. Gusa injini kwa kiganja. Ikiwa ya moto, huenda kuna shida ya kuwaka asubuhi inayofichwa. Kisha piga kiki mwenyewe. Kwa injini ya mipigo minne, moshi wa buluu unaotoka wakati wa kuwaka kisha ukakata ni dalili ya sili za valvu, na gharama yake inavumilika. Moshi unaoongezeka kila ukivuta mafuta ni wa ringi, na hapo punguza bei au ondoka. DT125 na AG100 ni za mipigo miwili, kwa hiyo moshi kidogo ni halali yake. Kwa hizo, uliza kama pampu ya oili bado inafanya kazi au fundi aliing'oa. Ikiwa imeng'olewa, lazima uchanganye oili na petroli kwa mkono kila unapojaza tangi, na siku ukisahau, pistoni itakwama.

Mengine ni ya haraka. Nyanyua tairi la mbele, zungusha usukani polepole: usukani ukikwama katikati, beringi zake zimekwisha. Tikisa magurudumu kwa pembeni. Gonga spoki kwa spana. Iliyolegea hutoa sauti nzito kuliko wenzake. Meno ya sproketi yakipinda kama ndoano, hesabu seti nzima pamoja na cheni. Inama uangalie chini ya injini na kwenye maungio ya fremu, ukitafuta weldi mpya iliyopakwa rangi.

Kabla ya kupatana bei, piga simu maduka ya vipuri ya Kariakoo, au ya Kirinyaga Road kama uko Nairobi, uulize seti ya pistoni na kebo ya klachi ya modeli hiyohiyo. Kama duka la kwanza, la pili na la tatu hawaijui, utaisubiri kwa meli. Tenga pia robo ya bajeti yako kwa tairi, cheni, oili na kofia ngumu.

Mwisho ni karatasi. Linganisha namba ya chesisi iliyopigwa kwenye shingo ya fremu na ile ya kwenye kadi, herufi kwa herufi. Kwa Tanzania, pikipiki yenye namba za DFP, yaani za miradi ya wafadhili, iliingia nchini kwa msamaha wa kodi, na kodi hiyo hudaiwa inapouzwa kwa mtu asiye na msamaha. Dalali atakwambia "hilo dogo, tutamaliza baadaye". Usikubali. Nenda naye mamlaka ya mapato, TRA, pateni hesabu ya kodi na kubadilisha umiliki, mjue nani analipa nini, ndipo utoe fedha.